Barua ya wazi kwa wakuu wa besiboli ya Marekani: tufungulieni matangazo Iowa

Kwa Kamishna Rob Manfred, na kwa wamiliki wa klabu zote 30 za Ligi Kuu ya Besiboli.

Waheshimiwa,

Mimi ni mkazi wa Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, na ni mpenzi wa besiboli. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumbani kwangu, na kwa kuwa nataka majirani zangu waliotoka Uvira, Bukavu, Kigoma, Bujumbura na Mombasa wasome wenyewe ninachoomba, maana naomba kwa niaba yao pia.

Mikataba yenu mikubwa ya televisheni inamalizika baada ya msimu wa 2028. Mtakapokaa kuandika mipya, ondoeni kabisa zuio linalomnyima shabiki mechi za klabu iliyo jirani naye. Rudisheni sehemu ya mechi kwenye televisheni ya bure, ile inayonaswa kwa antena. Na redio ilindeni, muiongezee nguvu. Nimeyasema mapema ili msiyatafute mbele ya safari.

Kwa wasomaji ambao jambo hili ni geni kwao, naanza na ramani. Iowa haina klabu hata moja ya Ligi Kuu. Iliyo karibu zaidi na Des Moines ni Kansas City Royals, mwendo wa takriban saa tatu kwa gari. Ukitaka kuwaona Twins uende Minneapolis. Cubs au White Sox, uende Chicago. Cardinals wako St. Louis na Brewers wako Milwaukee, na huko kote ni mbali zaidi. Pamoja na umbali huo, kwenye vitabu vya ligi klabu zote sita zimeihesabu Iowa kuwa eneo lao. Kwa miaka mingi matokeo yake yamekuwa haya: mtu wa Iowa aliyelipia MLB.TV, huduma ya ligi yenyewe ya kutazama mechi mtandaoni, anaziona klabu za Seattle, Miami na Boston bila shida, lakini zinapocheza hizo sita, hata zikiwa ugenini upande wa pili wa nchi, picha haiji. Anaambiwa yuko ndani ya eneo la klabu. Na ni hizohizo sita ambazo watu wa hapa wamerithi kwa baba na babu zao, ndizo kofia zinazovaliwa sokoni na kanisani.

Mtu aliyeko Nairobi, Lubumbashi au Muscat akilipia huduma hiyohiyo anawaona Cubs na Cardinals moja kwa moja, kwa sababu zuio la eneo limewekwa kwa ajili ya Marekani na Kanada. Nimejaribu kuwaeleza ndugu zangu walioko Afrika ya Mashariki jambo hili, na kila mara wanadhani nimekosea kusema. Wanauliza, yaani wewe uliye karibu ndiye usiyeona? Ndiyo, mimi niliye karibu.

Najua zuio hili lilitoka wapi. Vituo vya televisheni vya mikoa vililipa klabu fedha nyingi ili viwe peke yao katika eneo fulani, navyo vilirudisha fedha hizo kwa kukata kidogo kidogo kutoka kwa kila nyumba yenye kebo, iwe inatazama besiboli au haitazami. Wakati karibu kila nyumba ilikuwa na kebo, mpango ule ulikuwa na maana yake kibiashara. Nyumba hizo sasa zinakata kebo kila mwaka. Kampuni ya Diamond Sports Group, iliyokuwa na vituo vingi kuliko zote, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni mwezi Machi 2023, na kabla ya msimu huo kwisha ligi ilikuwa imeshachukua yenyewe matangazo ya San Diego Padres na Arizona Diamondbacks. Tangu hapo ukuta umeanza kubomoka. Twins waliufungua mlango wao 2025: dola 99.99 kwa msimu mzima, bila zuio katika eneo lao. Nawashukuru kwa dhati. Kituo cha Cubs kilianza kuuza matangazo yake moja kwa moja kwa mtazamaji 2023, kwa dola 19.99 kwa mwezi.

Lakini tazameni hali inayobaki kwa mtu wa Iowa. Palipokuwa na mlango mmoja uliofungwa, sasa kuna milango mingi, na kila mmoja una mlinzi wake na bei yake. Twins wana malipo yao, Cubs yao, wengine yao. Ijumaa kuna mechi za huduma ya kulipia ya Apple, zilizoanza 2022. Mfanyakazi wa kiwanda cha nyama anayelipa kodi ya nyumba, anayemtumia mama yake fedha Kasulu na anayelea watoto watatu hawezi kununua vifurushi vyote hivyo ili aijue klabu moja kuanzia Aprili hadi Septemba. Besiboli ina mechi 162 kwa kila klabu. Utamu wake umo katika kurudi kila siku: kumjua mrushaji anayechoka awamu ya sita kati ya tisa za mechi, kumjua kijana aliyepandishwa juzi kutoka ligi ndogo na sasa mikono inamtetemeka. Ukiona mechi moja leo na nyingine baada ya wiki tatu, unaona watu wanasimama uwanjani. Nawasikia wenzangu wakisema mchezo huu haueleweki, nami siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaruhusu kuuona mfululizo.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyezaliwa na kukulia hapahapa, ndiye aliyenifundisha kuandika karatasi ya mchezo, ile ambayo kila mchezaji ana namba ya nafasi yake na kila tukio lina alama yake. Alikuwa ananiambia jinsi Iowa ilivyokuwa siku za WGN. Kituo hicho cha Chicago kilirushwa kwa setilaiti kuanzia 1978, kikawa kinaonekana kwenye kebo nchi nzima, na kuanzia 1982 Harry Caray ndiye aliyekuwa akitangaza Cubs, mtu aliyetoa kichwa dirishani awamu ya saba na kuimba na uwanja mzima. Cubs walikuwa wanafungwa sana miaka ile. Hata hivyo walipata mashabiki majimbo ambayo hawakuwahi kuyatembelea, kwa kuwa kila mchana wa kiangazi mtoto akirudi nyumbani aliwakuta kwenye televisheni. Mzee huyo sasa yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Sebuleni kuna televisheni kubwa na kifurushi cha kawaida cha kebo, na chaneli ya klabu yake, mojawapo ya zile sita, haimo. Ana redio ndogo kando ya kitanda, na hiyo ndiyo inayompa mechi.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwenye redio.

Mechi ya kwanza ya Ligi Kuu kurushwa redioni ilikuwa ya Pirates na Phillies, Agosti 5, 1921, kupitia kituo cha KDKA cha Pittsburgh, Harold Arlin akiwa mbele ya kipaza sauti. Wamiliki wengi wa siku zile waliiogopa redio. Walisema mtu akisikia mechi bure nyumbani hatanunua tiketi. Klabu tatu za New York zilifikia hatua ya kukubaliana kutotangaza mechi zao kwa miaka mitano. Mwaka 1939 Larry MacPhail, mkuu wa klabu ya Brooklyn, mojawapo ya hizo tatu, alijitoa kwenye makubaliano hayo, akamleta Red Barber atangaze, na mahudhurio ya Brooklyn yakapanda mwaka huohuo. Nawakumbusha habari hii kwa sababu hofu iliyowaongoza wale wamiliki ndiyo hofu iliyo ndani ya zuio la leo, na historia ya mchezo wenu wenyewe imekwisha kuijibu.

Des Moines ina nafasi yake katika historia hiyo. Miaka ya 1930 kituo cha WHO cha hapa kilikuwa na mtangazaji kijana aitwaye Ronald Reagan, yuleyule aliyekuja kuwa rais. Alitangaza mechi za Cubs bila kuziona. Habari zilimfikia kwa telegrafu, maneno machache tu, naye akayajaza jua, vumbi na makelele ya mashabiki. Mwenyewe alipenda kusimulia siku waya ulipokatika katikati ya mechi, akalazimika kumfanya mpigaji aguse mpira ukatoka nje, pigo lisilomaliza zamu yake, akagusa mwingine ukatoka nje, na mwingine, hadi waya uliporudi. Wakulima wa jimbo lote walikuwa wanamsikiliza wakiwa na imani kamili kwamba Chicago mambo ndivyo yalivyo.

Mimi nilikulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako mpira wa miguu ulitufikia kwa Redio Tanzania, watu wakiwa wamebanana kuizunguka redio moja na mwenye betri akiheshimiwa kama mjumbe. Watangazaji wetu walijua kwamba anayesikiliza hana picha. Walikuambia mpira uko upande gani wa uwanja, upepo unavuma vipi, nani ameanguka na nani anamcheka. Nilipofika Iowa sikuijua besiboli hata kidogo, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Lakini usiku nikitoka kazini niliwasha redio ya gari na nikasikia sauti ya mtu asiye na haraka, anayeeleza rangi ya jezi. Alikuwa Pat Hughes, mtangazaji wa Cubs tangu 1996. Ana desturi ya kueleza jezi za timu zote mbili kwa utaratibu, kofia, soksi, mistari. Rangi nilikuwa nazijua kwa Kiingereza. Nikashika hapo, nikaendelea. Namba nilikuwa nazijua pia, na besiboli imejaa namba. Kwa njia hiyo nilijifunza majina ya miji, majina ya miezi, na namna watu wa hapa wanavyozungumza wanapokuwa wametulia.

Mtangazaji wa besiboli ana kazi ya pekee. Mpira wa miguu unamkimbiza mtangazaji. Besiboli inamwachia nafasi kati ya mrusho mmoja na mwingine, na ni ndani ya nafasi hiyo ndipo anapokuwa mtu wa nyumbani. Vin Scully alitangaza Dodgers misimu 67, kuanzia 1950 wakiwa Brooklyn hadi 2016 huko Los Angeles, na klabu ilipohamia California 1958 watu walikwenda na redio ndogo uwanjani, wakatazama mechi kwa macho na kumsikiliza yeye kwa masikio. Bob Uecker alikaa na Brewers tangu 1971, akatangaza hadi msimu wa 2024, akafariki Januari 16, 2025 akiwa na miaka 90. Siku ile kiwandani kwetu wenyeji wa Wisconsin walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini, kama watu waliotoka msibani. Denny Matthews alianza na Royals siku klabu ilipoanza, 1969. Hawa watu wamekaa kwenye masikio ya jimbo hili kuliko gavana yeyote.

Na kuna Jaime Jarrín. Huyu nawaomba wasomaji wangu wa Kiswahili wamjue. Alizaliwa Ecuador, akafika Los Angeles 1955, na kuanzia 1959 hadi 2022 aliwatangaza Dodgers kwa Kihispania. Alipoanza, mchezo wenyewe ulikuwa mgeni kwake. Alitangaza kwa wafanyakazi wa mashamba, wa hoteli na wa viwanda, watu ambao klabu haikuwa inawafikiria, na leo nenda Dodger Stadium ukaone ni nani wanaojaza viti. Des Moines, Cedar Rapids na Iowa City zina maelfu ya watu wanaozungumza Kiswahili. Sijaomba mtuajirie mtangazaji. Naomba kwenye mikataba mipya muweke ruhusa kwa redio ndogo za jamii kutangaza mechi kadhaa kwa lugha za wasikilizaji wao, bila gharama zisizobebeka. Vijana wenye uwezo huo tunao. Nimewasikia wakitangaza mashindano ya mpira wa miguu ya jamii zetu hapa, na wana ulimi.

Nirudi kwenye televisheni, kwa sababu msimu wa 2025 ulinionyesha kwa macho kile ninachokiomba. Fainali ya Dodgers na Toronto Blue Jays, inayochezwa hadi klabu moja ishinde mechi nne, ilikuwa kwenye Fox, chaneli ambayo mtu mwenye antena anaipata bila kulipa. Mechi ya tatu, usiku wa Oktoba 27, ilikwenda awamu 18. Shohei Ohtani wa Dodgers alifika kwenye besi, vile vituo ambavyo mpigaji hukimbilia, mara tisa. Saa sita na dakika 39 baada ya mrusho wa kwanza, mwenzake Freddie Freeman aliupiga mpira ukavuka ukuta na mechi ikaisha. Kwetu Iowa ilikuwa imekaribia saa nane usiku. Nilikuwa macho, mke wangu alikuwa macho, na simu yangu ilikuwa inalia kwa ujumbe wa watu ambao mwaka mmoja kabla hawakujua besi ya kwanza iko upande gani. Halafu ikaja mechi ya saba, Novemba 1. Toronto walikuwa wamebakiza kuwatoa wapigaji wawili wawe mabingwa, Miguel Rojas wa Dodgers, ambaye kupiga mbali si kazi yake, akasawazisha awamu ya tisa. Awamu ya 11 mwenzake Will Smith akaupiga mpira ukavuka ukuta, na mrushaji wao Yoshinobu Yamamoto, aliyekuwa amerusha jana yake, akarudi kumaliza kazi. Nilisimama mbele ya televisheni nikiwa nimeshika kichwa. Nawahurumia Toronto hadi leo.

Jumatatu kantini, meza yetu ilikuwa na Mkongo, Mmeksiko, Mburma na kijana mzungu wa shambani, na wote wanne walikuwa na maneno juu ya Yamamoto. Mechi ya saba ya fainali ya 2016, Cubs walipoondoa ukame wa ubingwa wa tangu 1908, ilitazamwa na watu wapatao milioni 40 kwenye Fox hiyohiyo. Mnazo hesabu hizi ofisini kwenu. Mnajua mechi inapowekwa wazi watu wanakuja. Kwa hiyo sielewi kwa nini kuanzia Aprili hadi Septemba mchezo huo huo unafichwa kwa watu ambao mnatarajia Oktoba waupende ghafla.

Kuna jambo limeniuma zaidi kuliko mengine, nalisema kwa heshima. Agosti 12, 2021 mlileta mechi ya Ligi Kuu Dyersville, mji mdogo wa hapa Iowa, kwenye uwanja uliojengwa katikati ya shamba la mahindi. Wachezaji wa White Sox na Yankees walitokea kwenye mahindi wakiingia uwanjani, na White Sox wakashinda 9 kwa 8 kwa mpira wa mwisho wa Tim Anderson uliotua kwenye mahindi hayohayo. Ilikuwa nzuri mno, na ilikuwa kwenye Fox. Mwaka uliofuata mkarudi na Cubs na Reds. Iowa ilijivunia. Kisha Novemba 2025 mlitangaza kwamba mechi ya Dyersville ya Agosti 13, 2026, Twins na Phillies, imepewa Netflix, ya kulipia. Mahindi ni ya Iowa, wakulima ni wa Iowa, Twins ni mojawapo ya klabu sita zinazodai Iowa ni yao. Haya ni matumizi ya sura ya mahali bila kuwatazama watu wake, na nawaomba mlifikirie neno hilo kabla ya kunijibu kwamba biashara ni biashara.

Naongeza na la klabu ndogo. Baada ya 2020 mlipunguza klabu za ligi ndogo zilizofungamana na Ligi Kuu kutoka 160 hadi 120. Iowa ilipoteza mbili, Burlington na Clinton, miji ya kando ya Mto Mississippi. Zote zinacheza bado, ila katika ligi ya wanafunzi wa vyuo wakati wa kiangazi. Hakuna tena kijana pale aliye njiani kwenda Ligi Kuu. Des Moines tumebaki na Iowa Cubs, na bahati yetu ni kubwa. Mwishoni mwa 2021 Michael Gartner na wenzake walipoiuza klabu hiyo, wafanyakazi wake 23 wa kudumu waligawiwa dola 600,000, dola 2,000 kwa kila mwaka wa kazi. Naitaja habari hii kwa furaha. Inaonyesha mmiliki anaweza kuwatazama watu waliofagia uwanja na kuwahesabu.

Halafu kamari. Tangu Machi 2021 vituo vya mikoa vya Diamond Sports Group vilibeba jina la kampuni ya kasino, na kuanzia Oktoba 2024 vikabeba jina la kampuni ya kubeti. Mtoto wangu wa miaka kumi anajua namna odi zinavyosomwa kabla hajajua mdakaji anamwashiria nini mrushaji. Sisi tuliotoka Afrika ya Mashariki tumeshauona mkeka ulivyowafanya vijana wetu mitaani, ada za shule zikiishia kwenye simu, kwa hiyo msituone washamba tukisema mapema. Novemba 2025 waendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho waliwafungulia mashtaka warushaji wawili wa klabu ya Cleveland, wakidai walipanga mirusho na wacheza kamari. Wao walikana mashtaka. Mara baada ya mashtaka hayo mliweka ukomo wa dola 200 kwa dau la mrusho mmoja. Kwangu mimi, dau la mrusho mmoja halipaswi kuwepo kabisa, na sauti ya mtangazaji aliyepewa imani na wazee na watoto isitumike kutaja odi katikati ya mchezo. Mwachieni mtangazaji aseme mpira.

Mtaniambia mambo haya ni magumu, yana mawakili wengi. Ni kweli yana mawakili. Mashabiki walikwenda mahakamani 2012 juu ya zuio hili. Kesi ikamalizwa kwa makubaliano Januari 2016, bei zikapungua, vifurushi vya klabu moja vikapatikana, na zuio la eneo likabaki palepale. Besiboli ina upendeleo ambao biashara nyingine za nchi hii hazina. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1922 mchezo huu umewekwa nje ya sheria za kuzuia ukiritimba, na 1953 na 1972 mahakama iliuacha hivyo. Taifa limewapa kinga hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kodi za wananchi zinawajengea viwanja: Nevada peke yake iliidhinisha hadi dola milioni 380 mwaka 2023 kwa ajili ya Athletics, klabu ya Oakland iliyokuwa inataka kuhamia huko, wakati watu wa Oakland walikuwa wanajaza uwanja kwa maelfu kuwaomba wabaki. Anayebeba mgongoni kwa kiasi hicho ana haki ya kuona kilichobebwa.

Na ugumu mmeshauweza mara moja. Miaka mingi watu walisema mechi zimekuwa ndefu mno na kwamba mila za mchezo haziguswi. Mwaka 2023 mkaweka saa ya mrushaji, sekunde 15 besi zikiwa tupu na 20 zikiwa na mtu, na wastani wa mechi ukashuka kutoka saa 3 na dakika 4 hadi saa 2 na dakika 40 ndani ya msimu mmoja. Wazee walinung'unika mwezi mmoja, kisha wakanyamaza kwa sababu mchezo ulikuwa bora. Mlifanya uamuzi, mkautekeleza, na viwanja vikajaa zaidi. Kamishna mwenyewe amesema hadharani kwamba anataka mechi ziwafikie watu wengi zaidi. Namwamini. Ninachoomba ni kiandikwe kwenye karatasi itakayosainiwa.

Kwa upande wetu, tuko tayari kulipa. Nalisema hili wazi ili asije mtu akadhani tunataka bure kila kitu. Wekeni kifurushi kimoja chenye klabu zote, bei ambayo mfanyakazi wa saa anaiweza, bila ramani ya maeneo. Kila klabu itoe angalau mechi moja kwa wiki kwenye chaneli za antena katika majimbo inayodai ni yake. Klabu ikidai Iowa, basi iitangazie Iowa. Nyumba za wazee na hospitali zipewe njia rahisi ya kupata mechi zote.

Kabla ya kusaini, njooni Des Moines mzungumze na wanaotazama na wasioweza kutazama. Ukumbi tutautafuta sisi, na wakalimani wa Kiswahili, Kihispania na Kiburma tunao. Leteni na watu wa televisheni mnaopatana nao. Tarehe pangeni ninyi, tunaomba tu iwe Jumapili mchana, maana Jumamosi wengi wetu tunakuwa zamu.

Wenu katika mchezo,

Shabiki wa besiboli
Des Moines, Iowa